Waya Uliopenya Kilimani

Waya wa mtandao haupati joto. Hilo fundi yeyote atakuambia, na Mzee Koleo, aliyezeekea kwenye kazi hiyo mpaka jina lake halisi likasahaulika, alilijua kuliko wengi. Ndiyo maana alipoushika ule wa kijivu, nyuma ya kabati la seva, aliuachia upesi. Ulikuwa na joto la shingo ya mtu.

"Labda umepita karibu na bomba la maji moto," alijisemea, akaendelea na kazi. Siku hiyo hakuwa na nafasi ya kushangaa.

Seva ya hospitali ilikuwa inakatika. Inashika mtandao, inaachia, inashika tena. Seva hiyo ndiyo iliyopokea mapigo ya moyo ya watoto njiti kutoka wodini na kuyapeleka kwenye skrini ya manesi. Ikikatika, mtoto anaweza kuacha kupumua na kengele isilie. Na kwenye inkubeta ya dirishani alilala mjukuu wa Mzee Koleo mwenyewe, mjukuu wa kwanza, mdogo wa kutosha kiganjani. Binti yake alikaa pembeni, hali, halali, habandui macho kwa mwanawe.

Simu ya ndani ikalia.

"Mzee Koleo, imekata tena," alisema nesi mkuu. "Nimemsimamisha kila nesi kwenye inkubeta zake, lakini na wao hawana miguu ya chuma."

"Nipe muda kidogo, mama."

"Muda niutoe wapi? Mjukuu wako yumo humu."

"Najua yumo," alisema, akarudi kwenye nyaya.

Alishabadilisha kebo ya seva. Alishaihamishia tundu jingine kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya zote, akabadilisha hata swichi yenyewe. Wapi! Mwishowe alikaa mbele ya kompyuta kutazama nani anazungumza na nani humo ndani, na hapo akaona kioja. Kulikuwa na kitu kingine kinachojitangaza kwa anwani ileile ya seva, kama mtu anayekuwahi kuitika kila jina lako linapoitwa. Kila kikiitika, seva hutupwa nje. Akafuatilia tundu kwa tundu mpaka akaishia kwenye waya wa kijivu. Haukuwa na kibandiko. Ulitoka kwenye swichi ukapenya ukuta wa nyuma, na nyuma ya ukuta huo hakukuwa na chumba wala bomba. Hospitali ilikuwa imeegemea kilima, na huko kulikuwa na udongo mtupu.

Sasa, mafundi wa nyaya wana adabu zao. Huchomoi waya wa mtu kimyakimya. Unapaza sauti ili aliye upande wa pili akusikie, unamtoa wasiwasi, ndipo unachomoa. Mzee Koleo alikuwa ameyasema maneno hayo maisha yake yote, na siku hizi yalimtoka yenyewe kama chafya.

"Nani yuko kwenye huu? Nakutoa kidogo!"

"Nitoe," ikajibu sauti kutoka ukutani, taratibu, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Vidole vya fundi vilikuwa vimeshabana kichwa cha waya. Alichomoa kabla akili haijamfikia. Chumba kikajaa harufu ya udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa asubuhi hiyohiyo, na kitu kikampita begani, chepesi, kikielekea mlangoni.

Simu ikalia tena.

"Imekaa, mzee! Imekaa kabisa, Mungu akubariki!" Nesi mkuu alikuwa anacheka. Kisha kicheko kikakatika. "Ila ngoja. Mjukuu wako anaonyesha mapigo ya watu wawili."

"Wawili vipi?"

"Kuna yake, ya haraka. Na kuna mengine yanapita chini yake, mazito, ya polepole." Sauti yake ikawa mnong'ono. "Mzee, amefumbua macho. Ananitazama."

Mzee Koleo aliiacha simu ikining'inia, akapiga magoti mbele ya swichi na waya mkononi, asilione tundu, akikwaruza huku na kule kama mlevi anayetafuta kufuli, na huku akibembeleza kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, rudi, nakuomba, nafasi yako hii hapa, mwachie mtoto, yeye hajakukosea kitu, rudi kwako, mpaka kichwa cha waya kikaingia, kikalia tak, naye akabaki amekikodolea macho kitaa kidogo cha tundu hilo, ambacho hakikuwaka, hakikuwaka, halafu kikaanza kumeta.

"Yameondoka," ilisema simu iliyoning'inia. "Yamebaki ya mmoja tu."

Alilia pale sakafuni kama mtoto.

Wodini alimkuta binti yake anacheka.

"Baba, njoo umguse! Tazama rangi aliyoipata!"

Alinawa, akapitisha mkono kwenye kidirisha cha inkubeta, akaweka vidole viwili kwenye kifua cha mjukuu wake. Skrini ilikuwa inahesabu mapigo ya haraka, mapigo ya kitoto kichanga. Chini ya vidole vyake moyo ulipiga mara moja. Ukakaa. Ukapiga tena, kwa uzito.

Mtoto alimtazama, akamshika kidole, akakikaza.

"Mbona unatetemeka, baba?"

"Baridi tu, mwanangu," alisema, akajinasua, akatoka akitembea, na kwenye kona akaanza kukimbia.

Kwenye chumba cha seva, kitaa cha waya wa kijivu kilikuwa kinameta harakaharaka, sawia na mapigo ya kwenye skrini. Mzee Koleo alibandika sikio ukutani. Mbali, ndani ya kilima, kitoto kilikuwa kinalia.

Aliushika waya. Akiuchomoa, nani angetoka, na angekwenda wapi? Na akiuacha? Akabaki hivyo, ameushika, mpaka simu ilipoanza kusema kwa sauti ya binti yake.

"Baba, uko wapi? Wameniruhusu nimtoe, nimemlaza kifuani. Ananyonya, baba! Ananyonya utadhani alikuwa na njaa ya miaka!"