Nyuso Alizotuma Soakai

Jioni ile nilikuwa na kazi ndogo tu: kumpelekea mama muhogo na samaki, niweke kapu kibarazani, nikohoe, nirudi kwenye kibanda changu. Ndivyo tunavyoishi hapa Tonga. Kijana akishaota ndevu halali nyumba moja na dada yake. Haingii chumbani kwake, hagusi vitu vyake, wala hamkodolei macho. Mimi naitwa Maka, na adabu hiyo nilikuwa nimeishika tangu utotoni bila kuona uzito wake.

Giza lilikuwa linaanza kuingia. Nguruwe walikuwa wakigombania maganda nyuma ya jiko. Nikaweka kapu chini, nikafungua mdomo ili nikohoe...

Ting.

Mlio wa meseji. Ulitoka chumbani kwa dada yangu Siale.

Nikasimama pale pale. Tufani lilikuwa limeuangusha mnara wa simu juma lililopita, na kisiwa kizima hakikuwa na mtandao. Watu walikuwa wanatumia simu zao kama tochi za kwendea chooni.

Ting.

Upepo ukalisukuma pazia la dirisha, na kabla sijageuza macho nikamwona. Ameketi mkekani, simu mapajani, mwanga unammulika kidevu. Alikuwa anacheka. Mdomo wazi mpaka magego, machozi yanamtiririka mashavu yote mawili. Lakini sauti haikutoka. Hata pumzi haikutoka.

Ting.

Kicheko kikafutika mara moja. Midomo ikajikusanya mbele kama ya mtu anayebusu, jicho moja likajifumba. Halafu uso ukaganda hivyo hivyo, kama umepigwa chapa.

Ikanijia harufu ya mafuta ya msandali, yale tunayowapaka wafu wetu kabla ya kuwafunga kwenye mikeka.

"Siale," nikanong'ona. "Nani anakutumia meseji?"

Nikasikia mkeka ukikwaruza.

"Nenda zako, kaka," akasema kwa sauti ndogo. "Anakuona."

Nilikwenda. Adabu iliniambia niende, na woga ukaniharakisha.

Shemeji yangu Soakai sikumpenda, na sitajifanya nilimpenda eti kwa sababu amekufa. Alikuwa na ngumi nzito na ulimi mzito. Akirudi na pombe kichwani alimpiga dada yangu kwa chochote kilichokuwa karibu, na kuomba radhi kwa mdomo hakujua kabisa. Asubuhi, Siale akiwa hawezi kufumbua jicho, simu yake ingelia. Ni kidubu cha picha inayocheza, kinarukaruka na moyo mwekundu kifuani. Kisha emoji ya kulia. Kisha waridi linalofunguka na kujifunga, linafunguka na kujifunga. Siale angemwonyesha mama: "Ona, anajuta." Na mama angelainika. Nilimwambia mama kwamba kidubu hakiuguzi mtu. Akaniambia niache kuingilia ndoa ya watu.

Mwisho wake ulikuwa gari. Aliligonga kwenye mnazi akiwa amelewa, usukani ukamvunja taya, akafa hapo hapo. Siale akarudi kwa mama, akavaa nyeusi. Miaka ikapita. Mwezi ule wa tufani alikuwa ameivua ile nyeusi, kwa kuwa mwalimu mmoja wa kijiji cha pili, mtu mpole mwenye kuvaa miwani, alikuwa ameanza kuja kumsalimia mama mara nyingi kuliko inavyohitajika. Tulifurahi sote. Ni siku ile ile aliyoivua ndipo simu ilipoanza kulia, na yeye hakumwambia mtu. Waliosema mficha maradhi kilio humuumbua hawakukosea.

Kesho yake jioni nilisikia mama akipiga ukelele.

Nikakimbia. Mlangoni mwa chumba cha dada yangu mguu ukagoma, nisikufiche. Kizingiti kile sijawahi kukivuka maishani. Kisha nikaona damu ikitambaa chini ya pazia.

Nikaingia.

Mama alikuwa amejikunja kwenye kona, sikio limechanika, chai ya moto imemuunguza bega mpaka ngozi inabambuka. Siale amesimama juu yake na birika la chuma mkononi. Uso wake mwekundu kama pilipili, nyusi zimegongana, meno yote nje. Simu iko mkekani.

Ting. Akapiga.

Ting. Akapiga.

Mama alikuwa hapigi kelele tena. Nilimrukia Siale kwa nyuma, naye akanitupa ukutani kama mtoto. Nikarudi. Nikamshika mkono wenye birika, akageuza kichwa akakikamata kidole changu cha mwisho kwa meno, akauma. Nilisikia mfupa ukilia kabla sijasikia maumivu.

"Mshike kichwa," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa shangazi Vika, dada wa marehemu baba. Kwetu shangazi akisema, hata mchungaji hukaa chini. Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni na mashavu yamejaa majani aliyokuwa akiyatafuna.

"Shangazi, ni dada yangu. Siwezi kum..."

"Na akimaliza kumuua mama yako atakuwa nani wako? Mshike."

Nikambana kichwa kwa mkono mzima na kwa ule wenye kidole kilichovunjika. Shangazi akamkalia kifuani, na hilo peke yake lilikuwa dawa, maana shangazi ni mzito. Akatema majani kwenye kitambaa, akamkamulia maji yake machoni, puani, masikioni. Siale akapiga mateke mpaka ubao wa sakafu ukapasuka. Jirani mmoja akamburura mama nje.

"Ameshikwa na mfu," shangazi akasema huku akihema. "Muulize ni nani."

"Nimuulize vipi?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Simu si hiyo hapo?"

Nikaichukua. Palikuwa na nyuso tupu, toka juu mpaka chini, hakuna hata neno moja. Za kucheka, za kubusu, kidubu kinarukaruka, kinarukaruka. Halafu zile nyekundu zenye hasira, nyingi, zimepangana kama meno. Juu kabisa ilikuwa namba ya mtumaji na picha yake ile ya zamani, amevaa miwani ya jua.

"Ni Soakai," nikasema.

"Nilijua. Hata kaburini hana haya. Muulize anataka nini."

Nikaandika kwa kidole chenye damu: *Unataka nini?*

Ting.

Uso wa manjano, na mahali pa mdomo, zipu.

Midomo ya Siale ikajifunga. Nilisikia ikijifunga... kitu kama kifuniko kinachokazwa. Pua imejaa damu na maji ya majani, mdomo hauna mlango. Macho yakamtoka. Vidole vikakamata taya lake upande wa kushoto, vikachimba ngozi kana kwamba kuna kitu mle ndani anataka kukitoa.

"Anakosa pumzi, shangazi."

"Nipe kijiko."

Akasukuma mpini wa kijiko kati ya midomo, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Jino likavunjika. Hewa ikaingia kwa mluzi. Dada yangu akakohoa damu usoni mwa shangazi, na shangazi hakuifuta.

Nikauliza tena. Zipu. Nikauliza tena. Zipu, na kila mara shangazi alirudi na kijiko chake.

"Acha kuandika," akaniambia mwishowe. Alikuwa anaitazama mikono ya Siale, ilivyong'ang'ania upande ule mmoja wa taya. "Mfu akiumizwa na kitu, humuumiza mtu wake mahali pale pale. Kuna mzizi umemwingia mdomoni kule kaburini. Ndiyo maana anatuma vikatuni, mjinga yule. Hawezi kusema." Akashusha sauti. "Na mzizi usipotolewa, Maka, kesho jua halitazama na dada yako yupo."

Tukamfunga Siale kwa shuka, kijiko katikati ya meno.

Mifupa ya mtu haiguswi na kila mtu, ila ndugu zake. Kulipopambazuka nilikwenda kwa Penisoni, mdogo wake Soakai, nikamkuta anawamwagia nguruwe makombo.

"Shemeji," nikasema, "naomba tufukue kaburi la kaka yako."

Alinipiga ngumi ya mdomo, nikaanguka kwenye matope ya nguruwe.

"Alipokuwa hai mlimwita nguruwe," akasema. "Leo mnataka mifupa yake?"

"Nilimwita, ndiyo. Lakini dada yangu anakufa."

Akautazama mkono wangu, lile tambara lililolowa damu.

"Nani kakuuma hivyo?"

"Kaka yako."

Aliingia ndani, akatoka na sepetu, panga, chupa ya mafuta na kitambaa.

Kaburi lilikuwa chini ya mti wa mvinje. Tuliondoa kokoto nyeusi, tukachimba mchanga. Mikeka ilikuwa imeoza, ikatoka vipande vipande kama mkate uliolowa. Penisoni ndiye aliyeshuka. Alipangusa mchanga kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemnawisha mtoto uso, halafu akatulia.

"Njoo uone," akanong'ona.

Mzizi wa mvinje ulikuwa umeingia chini ya sikio la kushoto, ukapita kwenye lile taya lililovunjika, ukatokea kati ya meno. Haukuishia hapo. Ulikuwa umerudi ndani, ukatoka, ukarudi, ukatoka, mpaka kinywa chote kilikuwa kimeshonwa.

Penisoni alilia. Kisha akainua panga.

Pigo la kwanza, ukelele ukasikika kijijini. Wa Siale. Ulitufikia juu ya minazi yote ile.

"Endelea," nikamwambia.

"Namuua."

"Endelea, shemeji."

Akakata. Ukelele. Akakata. Kila pigo na ukelele wake, nami nimesimama ukingoni nimeziba masikio kwa mkono mmoja na nusu. Uzi wa mwisho wa mzizi ulikatika wenyewe.

Taya likaanguka wazi.

Pumzi ikatoka mle. Sisemi upepo, maana upepo naujua. Ilikuwa na joto na ilinuka msandali, ikatupita miguuni, ikaenda zake upande wa kijijini. Penisoni akaipaka mifupa mafuta, akaifunga kwa kitambaa kipya cha gome la mti, tukafukia.

Siale alikuwa amekaa, amefunguliwa. Uso ulikuwa wake. Umevimba, umechubuka, lakini wake. Aliomba maji. Halafu akauliza sikio la mama limefanywa nini, na aliposimuliwa alilia kwa sauti, kilio cha kawaida chenye makamasi, nami sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Simu yake niliiponda kwa jiwe mpaka ikawa unga.

Siku zikapita bila mlio wowote. Mama akaanza kulalia bega lake lililoungua. Mwalimu akaja na nanasi. Shangazi akamtania kwamba ajifikirie vizuri, kwani mchumba wake anajua kutumia birika. Siale akacheka, na kicheko kilikuwa na sauti.

Jumapili, baada ya kanisa, mama, shangazi na Siale walikuwa ndani wanapakua chakula, nami nimekaa kibarazani kama inavyotakiwa, dirisha limefunguliwa ili tuzungumze. Mnara ulikuwa bado umelala shambani. Simu ya mama ilikuwa rafuni, karibu na mshumaa.

Ting.

Mama ndiye aliyeinyanyua, akaisogeza mbali na macho, maana miwani hakuwa nayo.

"Hakuna uso," akasema polepole. "Ni sauti. Mtu ametuma sauti."

"Izime, wifi," shangazi akasema.

Lakini Siale alishanyoosha mkono, na mama, sijui kwa nini, akampa. Akabonyeza.

Kwanza palikuwa na mkwaruzo, kama mchanga unaomwagwa. Kisha Soakai. Sauti yake hasa, ila tulivu, ya polepole, ya mtu mwenye adabu zote.

"Siale... mke wangu. Nisamehe. Nilikupiga bila kosa. Maneno haya yalinikaa kooni siku nyingi. Njoo tuzungumze."

Nikasikia shangazi akinong'ona, "Mungu wangu, tumempa mdomo."

Siale akabonyeza tena. Akasikiliza yote tena, simu ameibana shavuni upande ule wenye jeraha.

"Hajawahi kunisemesha hivi," akasema.

Niliingia ndani bila kukohoa. Nikamtazama dada yangu usoni moja kwa moja, nikiutafuta uso wa kutumwa. Ningeshukuru kuuona, maana huo tungejua wapi pa kwenda kuukata. Haukuwapo. Alikuwa anatabasamu mwenyewe, kwa aibu kidogo, kama alivyotabasamu siku aliyochumbiwa, na pengo la jino lililovunjika likionekana. Niliogopa kuliko nilivyoogopa birika.

"Siale," nikamwita. "Dada."

Alikuwa anabana nywele zake vizuri. Akageuka, akamuuliza mama ndala zake ziko wapi.