Pipa la Pembeni

Divai ikilazwa kwenye pipa la mwaloni hupungua kidogo kidogo, kwa hiyo kila Jumatatu Mathurin alipita ghalani kwake, huko Médoc, nchi ya mizabibu, akijazia mapipa. Mengine yote yalitaka kikombe tu. Lile la pembeni lilitaka ndoo, na sakafu chini yake ilikuwa kavu kabisa.

"Baba yako alilijaza maisha yake yote wala hakuuliza," mkewe Odile alisema mezani, akimimina divai kwenye mabaki ya supu yake ili anywe vyote pamoja.

"Baba alikuwa mwoga. Mimi silishi mtu nisiyemjua."

"Shii! Litakusikia."

"Na lisikie! Pipa lina masikio?"

Binti yao Clémence akacheka mpaka supu ikampalia.

Ubishi ulikuwa ugonjwa wa ukoo ule, na Mathurin aliurithi wote. Jumatatu iliyofuata akaliruka pipa lile, hakulijazia. Jioni zikaanza kusikika mbao zikikwanguliwa kwa ndani, taratibu, kama mtoto anayekomba sufuria, na harufu ya kinywa kilichoshinda na njaa ikapanda ngazi hadi jikoni. Odile akashika koo.

"Nina kiu," akanong'ona. Akamaliza mtungi wa maji, kiu isikatike.

Asubuhi midomo yake ilikuwa imepasuka na ngozi imeshikana na mifupa, na Mathurin, ambaye sasa aliogopa kwelikweli, akakimbilia ghalani, akang'oa kizibo, akakuta pipa ambalo hakulijazia limejaa pomoni. Akachovya kidole, akaonja. Kilichomo kilikuwa vuguvugu, tena kina chumvi kama damu.

Padri akaja na maji ya baraka. Alipoyanyunyiza pale pembeni, yalikauka kabla hayajagusa mbao.

"Mwanangu, hili limenishinda," alisema, miguu tayari mlangoni. "Lirudishie lilichozoea. Liombe."

Mathurin akaleta divai bora ya nyumba ile, akapiga magoti.

"Kunywa! Nimekosa, kunywa, niachie mke wangu!"

Alimimina, nayo ikarudi juu, ikafurika, ikamlowesha viatu, akaendelea kumimina huku akilia, na pipa likaitapika yote. Lilikuwa limeonja kingine.

Nyuma yake Clémence alisimama kwenye ngazi, mkono kooni.

"Baba, Mama amenyamaza," alisema kwa sauti kavu. "Na mimi nina kiu."