Aliniomba Nisimpigie Tena, Nikampigia

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mkazi wa Bagamoyo mjini. Nimeachika, nina mtoto mmoja wa kike. Jina langu naomba nilihifadhi. Sina cha kuficha zaidi ya aibu... na hapa mjini tunajuana sana.

Nilipoachika, hoteli nilikokuwa nafanya kazi ya mapokezi nayo ikapunguza watu. Aliyenishika mkono ni Ami, mdogo wake marehemu baba. Ami alikuwa na biashara ya mananasi makavu. Kina mama wa Kiwangwa waliyalima, wakayakata na kuyaanika, naye akayasafirisha Uingereza kwa mnunuzi mmoja tu. Mnunuzi huyo alituomba tuwapigie simu wenye maduka ya huko, kwa jina la kampuni yake, tuwashawishi waagize kwake. Kazi hiyo nikapewa mimi, kwa sababu ya Kiingereza changu cha mapokezi.

Kabla sijagusa simu, Ami alinikalisha chini. Alinieleza kwamba sheria ya kuifuata ni ya kule simu inakolia, si ya huku inakopigwa. Zipo nchi ambako kuzipigia biashara hakuna kizuizi kikubwa, na zipo ambako hupigi mpaka uwe na sababu ya kuamini kuwa wanataka. Uingereza unaruhusiwa kupiga, lakini hata kampuni inaweza kujiandikisha isipigiwe, na mwenye duka anayefanya kazi peke yake analindwa sawa na mtu aliye nyumbani kwake.

"Na akikwambia mwenyewe usipige tena, mwanangu, basi imekwisha. Niambie, tumfute kwenye orodha."

Nikaitikia, lakini moyoni nilicheka. Duka si limefunguliwa ili watu walitafute? Nilijiona mjanja kuliko sheria.

Ndipo nikampata mzee mmoja mwenye duka la chai na vyakula vikavu. Alinisikiliza kwa upole, akasema hahitaji, akaniomba nisimpigie tena. Wasomaji wenzangu, kwetu mteja akisema hataki ndiyo kwanza mazungumzo yanaanza! Na mtu mliyekwisha kusalimiana naye humwachi hivi hivi. Unamjulia hali, yeye na watu wa nyumbani kwake, hata kama hajanunua kitu. Kwa hiyo nikampigia. Nikamwambia sipigi kwa ajili ya kuuza, nataka kujua tu kama hawajambo nyumbani. Akakata. Nikajiambia ni mtandao...

Nikarudia, na nikarudia tena. Siku moja sauti yake ilitetemeka, akasema tafadhali sana nimwache. Hata hapo sikuacha. Nilitaka kumwonyesha Ami kwamba naweza kumpata hata mteja mgumu.

Ami aliniuliza kama kuna yeyote aliyekataa kupigiwa. Nilimtazama usoni, mtu aliyenilisha mimi na mwanangu, nikasema hakuna. Uongo ule ulinitoka kirahisi mno, na ndio unaoniuma kuliko mengine yote.

Malalamiko yalitufikia kupitia kwa mnunuzi wetu. Kumbe mzee yule aliishi juu ya duka lake, na simu ya duka ndiyo hiyo hiyo ya nyumbani. Mkewe alikuwa amelazwa, yu mahututi. Kila ilipolia alishuka ngazi mbio akidhani ni hospitali... kumbe ni mimi, namuuliza habari za nyumbani! Mpaka leo sijui kama yule mama alipona. Nami ndiye niliyekuwa nauliza kila siku.

Mzee alikuwa ameshitaki kwa mamlaka ya kwao. Kwa kuwa simu zilipigwa kwa jina la mnunuzi, yeye ndiye aliyetakiwa kujibu. Akavunja mkataba na sisi. Hatukuwa na mwingine wa kumuuzia.

Tukaenda Kiwangwa, mimi na Ami, kuwaambia kina mama. Walikuwa wamesimama kando ya vichanja vyao, mananasi bado yako juani. Nilijua Ami atanitaja. Nilistahili.

"Kosa ni langu," Ami akawaambia. "Kazi ya simu sikuisimamia inavyotakiwa. Nisameheni."

Nilisimama pembeni yake... nikanyamaza. Machozi yakanitoka. Bi Tatu, kiongozi wao, mjane anayelea wajukuu kwa kazi ile, akadhani nawalilia wao. Akanikumbatia, akanifuta uso kwa upande wa khanga yake.

"Nyamaza, mwanangu. Mungu yupo. Ami yako atapata mwingine."

Kisha akanifungia mananasi mawili nimpelekee binti yangu. Nikayapokea. Ndiyo, niliyapokea!

Njiani Ami hakunisema hata neno. Angenitukana ningepata nafuu.

Ninyi mnaopata riziki kwa kupiga simu, nawasihi. Msidanganyike kwamba biashara haina roho kwa sababu ina kibao mlangoni. Ulizeni sheria ya kule mnakopiga, na mtu akisema basi, mwacheni, hata kama kwenu kumwacha ni kukosa adabu.

Kina mama bado wanaamini kosa lilikuwa la Ami. Ijumaa nakwenda Kiwangwa kuwaambia ukweli, nianze na Bi Tatu. Niombeeni nisirudie njiani.