Alama ya Tupa

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, gari la mkunga lilizimika mlimani, mita mia mbili kabla ya lango la hospitali, mama mwenye uchungu akiwa kiti cha nyuma. Mtoto alizaliwa humo humo garini, mzima. Mama yake alipoteza damu nyingi, na hadi saa sita mchana alikuwa hajafumbua macho.

Saa hiyo gari lilikwisha kuvutwa hadi gereji. Fundi alikaa juu ya tairi kuukuu, pingu mikononi. Sajini alimtazama kwa huruma aliyojitahidi kuificha. Mkuu wake alitaka faili kabla ya saa kumi. Kama angemwandika fundi kuwa ndiye mkosaji, gereji ingefungwa na mtu huyu angelala ndani.

"Injini imenoki, vyuma vimesagana vikakwama," Sajini alisema. "Uliweka oili gani?"

"Nzito, afande. Gari lina miaka thelathini, vyuma vimelegea. Ukilitia oili nyepesi ya magari mapya, litaivujisha na kuichoma. Niliweka Alhamisi, mama mkunga mwenyewe akiona."

"Mwongo! Niliona ukimimina, sikujua ni nini!" mkunga alifoka. "Miaka kumi na minane nakuamini, kumbe nafuga nyoka!"

Sajini alichukua kipande cha kioo, akadondoshea tone kutoka kwenye kopo la fundi na tone kutoka kwenye injini, kisha akakiinamisha. Tone la kwanza lilijikokota kama konokono. La pili lilitiririka kama maji.

Muuza vipuri, aliyeitwa kwa kuwa oili ilinunuliwa kwake, alipumua. "Umeona? Oili yangu si feki. Nilimuuzia nzito. Alichofanya nayo anajua yeye."

"Afande, mwandike tumalize," alidakia mwalimu wa hesabu, mtoto wa pekee wa mkunga. "Mfa maji haishi kutapatapa."

Sajini alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya tena.

"Imefika kwenye alama kabisa."

Fundi alicheka kwa uchungu. "Alama ipi? Hicho ni kijiti cha gari jingine. Cha kwanza kilikatika. Tazama juu yake, vidole viwili. Nilichonga mfuo kwa tupa. Oili ifike pale. Ikiishia kwenye alama ya kiwandani, imepungua karibu lita mbili, na mlimani pampu ya oili inavuta hewa."

Mfuo ulikuwepo. Sajini alimgeukia mkunga. "Mama, ulilijua hili?"

"Nalijua. Napima kila Ijumaa. Ijumaa ilifika kwenye mfuo..." Sauti ilimfifia.

Basi oili ilibadilishwa baada ya Ijumaa, Sajini aliwaza, na mtu asiyeujua mfuo. Fundi aliuchonga. Mama huusoma. Palikuwa na mkono wa tatu.

"Jumamosi na Jumapili gari lililala wapi?"

"Kwangu, ndani ya geti. Nalifunga kwa kufuli."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

Mkunga alimtazama mwanawe.

"Mwalimu," Sajini alisema polepole, "ulimwaga oili ukaliacha gari kavu, ili mama yako afie njiani?"

"Uongo! Nilijaza mpaka kwenye alama! Nilipima mara tatu!"

Mwalimu alijifunika uso.

"Niliweka nyepesi litoe moshi tu," alisema. "Mama, una miaka sabini. Mwezi uliopita uligonga nguzo ya geti mchana kweupe. Nilikuomba upumzike, ukanicheka. Nikasema likianza kunywa oili, fundi mwenyewe atakwambia limekwisha."

"Na fundi alipotiwa pingu, mbona ulinyamaza?" mkunga aliuliza.

"Niliogopa uso wako."

Sajini alimfungua fundi. Mkunga aliishika ile mikono yenye grisi. "Nisamehe, mwanangu."

"Yameisha, mama. Miaka kumi na minane umenitukana mara moja tu. Kwangu natukanwa kabla ya chai."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alinyoosha mikono yake bila kuambiwa, na pingu zikalia.

"Mama, sema neno," alisihi.

"Omba yule mzazi apone," mkunga alijibu. "Akifumbua macho, mimi ndiye nitakayemwambia kwamba aliyefanya hivi nilimzaa mwenyewe."

Akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka kwa miguu kuelekea hospitali.