Chanuo la Meno Mapana

Ijumaa moja ya mwaka wa 1957, upepo uliinua vumbi jeupe la ziwani ukalimwaga lote katika soko la Nakuru. Mtandio wa Kuluthum ulipopeperuka, hakusita. Aliachia kikapu akashika kichwa kwa mikono miwili. Nyanya zikabingirika hadi kwenye viatu vya mwanamume mrefu, kanzu nyeupe, koti la kahawia.

"Bibi, umeokoa mtandio ukamwaga kitoweo!"

"Wewe okota, bwana. Maneno baadaye."

Aliokota. Jina lake Darweshi, karani wa bohari ya reli, aliyefiwa na mke miaka minne nyuma. Kuluthum naye alikuwa mjane wa miaka hamsini na moja, akiuza vitumbua mtaa wa Bondeni. Wiki haikuisha kabla simu ya dukani kwa Obeid, ya pekee mtaani, haijalia.

"Kuluthum! Yule wa nyanya!" Obeid alipaza sauti. Wateja wakanyamaza wapate kusikia.

"Umeshindaje, mpenzi?"

"Mpenzi wa nani? Obeid anasikia."

"Mwambie naye nampenda, mradi asikate simu."

Kuluthum alicheka njia nzima kurudi nyumbani. Kisha alivua mtandio mbele ya kioo, kicheko kikakoma. Nywele zilikuwa nyepesi kama sufi, na utosini ngozi ilionekana. Miaka thelathini alizisuka kwa kubana na kuzipaka piko nyeusi ya kuficha mvi, umri ukamalizia. Alijaribu habasoda, maji ya kitunguu, hata yai. Muuguzi mmoja alimwambia wazi, "Mama, legeza. Zilizokwenda zimekwenda, tunza zilizobaki." Akalegeza, maisha yakaendelea. Lakini marehemu mumewe alikuwa akizisifu nywele zile kuliko chochote, na mume mpya angeziona usiku wa kwanza. Kuluthum aliogopa uso wa Darweshi usiku huo kuliko upweke.

Baada ya miezi minne ya simu, Samsam, dada yake Darweshi, alileta sanduku la posa: kanga, udi, marashi, mafuta ya nazi. Juu kabisa, chanuo la mti lenye meno mapana.

Masikio ya Kuluthum yaliwaka moto. Chanuo la nywele nyingi! Amejua, na ananicheka.

Alilifunga chanuo kwa gazeti. "Mrudishie kaka yako. Hili sina kazi nalo."

"Dada, unajua maana ya kurudisha kitu cha sanduku?"

"Najua."

Maana yake ni kukataa posa. Wiki tatu simu haikumlilia. Wiki ya nne Kuluthum alichoka kuzunguka jikoni akingoja Obeid amwite. Alivaa buibui lake jipya, akabeba sanduku zima hadi bohari ya reli, akalitua juu ya meza ya Darweshi.

"Nani alikuambia habari za kichwa changu?"

"Upepo. Siku ya nyanya niliona utosi."

"Ndiyo ukaniletea chanuo, unicheke?"

Darweshi alifungua mtoto wa meza. Chanuo lilikuwa humo, bado ndani ya gazeti.

"Marehemu mke wangu alipougua, nywele zilimtoka. Nilikuwa namchana mwenyewe. Chanuo la meno membamba lilimvuta mpaka akalia machozi. Hili nililitafuta maduka manne, Kuluthum, lisikuumize."

Kuluthum alivuta kiti akakaa.

"Mbona hukusema?"

"Nitaje utosi wako kwenye simu ya Obeid?"

Alitaka kukaza uso, akashindwa. Akanyoosha mkono. "Lete chanuo langu."

"Na jibu?"

"Piga kesho saa nne."

Saa nne kamili simu ililia. Duka lilikuwa limejaa. Kuluthum aliipokea, mkono mmoja kiunoni.

"Nimekubali," alisema kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. "Ila nywele ni zilezile chache ulizoziona, Darweshi. Haziongezeki. Utazichana polepole."

Obeid aliacha sukari ikifurika kwenye mizani.