Mkuyu wa Tano

Jua lilikuwa likizama mpima miti alipobakiwa na mkuyu mmoja. Ofisi ya mambo ya kale ilikuwa imemtuma kwenye bustani kongwe ya jumba la zamani kwa swali moja: je, mikuyu yake mitano ilikuwa na zaidi ya miaka mia? Ikiwa ndiyo, ingelindwa. Ikiwa siyo, barabara ingepita hapo. Minne ya kwanza ilikuwa imeoza moyo, haikutoa jibu.

"Huo uache, mwanangu," alisema mama mtunza bustani. Kutwa nzima alikuwa akimtania atafute mchumba, aache kukumbatia miti. Sasa utani ulikuwa umemwisha. "Andika tu imepita mia. Nani atabisha?"

"Siandiki nisichokiona, mama."

Akaegemeza kekee yake ya kutobolea mti hadi moyoni, ahesabu pete za umri, kwenye gome, akazungusha. Kriii... kriii... Ghafla ikazama. Ndani palikuwa wazi.

Akaichomoa. Ncha ilikuwa imezongwa na nywele.

Ndefu. Za kusukwa. Zinanuka mafuta mabichi, kama za mtu aliyetoka kusukwa asubuhi ile.

Kisha tundu likapumua.

Pumzi ya joto ikampiga kiganjani.

"Mama... humu kuna mtu."

"Najua," yule mama alinong'ona. "Dada yake bibi yangu. Alikuwa yaya wa jumba hili. Bwana mwenye jumba alimfukia angali hai, akapanda mti juu yake. Kosa lake hatukuambiwa. Unadhani nautetea mti huu kwa kivuli chake? Mizizi ndiyo inayomshika."

Ndani ya mti kitu kikakwaruza. Taratibu. Kikipanda kuelekea kwenye tundu.

"Miaka mia na kumi na miwili," ikasema sauti kavu ya mwanamke. "Nimeihesabu yote."

Mpima miti alilisukumia tundu nta yake ya kuzibia kwa kidole gumba, akakimbia bila kuokota kekee.

Kesho yake aliandika ripoti: miaka mia na kumi na miwili. Hakuandika nani alimwambia. Barabara ikapitishwa kwingine, wakubwa wakampa mkono wa pongezi.

Mwezi haujaisha, simu ikalia. Alikuwa yule mama.

"Mwanangu, ulitoboa matundu mangapi kwenye mkuyu ule?"

"Moja tu, mama."



"Leo yako manne," yule mama akanong'ona. "Matatu yametobolewa kutoka ndani."