Samaki Mwekundu wa Mzee Moriyama

Jumamosi Damari hakuwa na muda wa kujinyoosha kitandani. Alichota maji, akafagia uwanja, akawatoa mbuzi zizini, akamwogesha mdogo wake Philipo ambaye siku hiyo alikuwa mnyonge na hakutaka hata uji. Baada ya hapo alimwacha kwa jirani, akajifunga kitenge na kwenda kumsaidia mama yake kupika kambini.

Kambi hiyo ilikuwa nje kidogo ya mji wa Itigi. Hapo walikaa mafundi waliokuwa wakichimba visima virefu vya maji. Mkuu wao alikuwa Mjapani mmoja wa makamo aliyeitwa Moriyama, mtu wa maneno machache, aliyezungumza Kiswahili polepole kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mama yake Damari, Magdalena, ndiye aliyekuwa mpishi.

Ilikuwa ile miaka ambayo maduka ya Itigi yalianza kujaa vitu vya nje. Mitumba ilining'inia kila kona, na biskuti za makopo zilipangwa rafuni mpaka juu. Lakini ndiyo miaka hiyohiyo ambayo watu wengi walipunguzwa kazini, na baba yake Damari alikuwa mmoja wao. Sasa alitundika mizinga ya nyuki msituni, akirudi nyumbani mara mojamoja na madumu ya asali. Mshahara wa mama ndio uliolisha nyumba na kulipa michango ya shule.

Siku hiyo Zefania, msimamizi wa kambi, aliingia jikoni akiwa amekunja uso.

"Mama Damari, jioni wageni wa Mzee Moriyama wanafika kutoka Dar es Salaam. Wakila vizuri, kazi ni yako moja kwa moja. Wakinuna, shauri yako. Kuna mpishi wa Dodoma ananisumbua kila wiki anataka nafasi hii."

"Watakula vizuri, baba," Magdalena alijibu. "Mzee amenionyesha mwenyewe jinsi ya kumpika samaki wake."

Zefania alipotoka tu, jirani yao akaja mbio, kanga imemwanguka begani. Philipo alikuwa na homa kali, anatetemeka na kuweweseka. Magdalena alishika kichwa. Ashike lipi, aache lipi?

"Damari, nampeleka mdogo wako hospitali. Nikichelewa, anza wewe. Yule samaki mwekundu yumo kwenye friji, sosi ya soya ni ile chupa nyeusi. Asali ipo, tangawizi ipo. Mtengeneze kama nilivyokueleza juzi. Umeelewa?"

"Ndiyo, mama."

Loo! Alichokuwa ameelewa ni kidogo kuliko chumvi ya kubana kwa vidole. Juzi mama alipokuwa akieleza, Damari alikuwa akiitikia "ndiyo, ndiyo" huku mawazo yake yako kwenye mchezo wa rede. Lakini tangu utotoni alifundishwa kwamba mkubwa akisema, mtoto huitikia ndiyo. Kumrudisha mama nyuma kwa maswali, tena wakati ana haraka namna ile, kulionekana kama utovu wa adabu. Mama akatoka, na Damari akabaki na friji.

Alifungua mlango, akachungulia. Vipande vinene vya samaki vilikuwa vimepangwa kwenye sinia. Vilikuwa vyekundu, vyenye mistari myeupe, vinang'aa kwa mafuta.

"Faith! Hebu njoo uone," alimwita rafiki yake aliyekuwa akipita na ndoo ya maji.

Faith alitua ndoo, akatazama, akakunja pua. "Hiyo ni nyama ya ng'ombe."

"Ni samaki. Mama kasema."

"Samaki wa wapi mwekundu hivyo? Alikuwa mgonjwa?"

"Sasa mimi nijuaje? Anaitwa samoni. Ametoka nchi za baridi huko."

Samaki wote ambao Damari aliwahi kuwaona maishani mwake walishuka kwenye treni ya Kigoma wakiwa wakavu, wamekunjamana, ndani ya magunia. Samaki wa namna hiyo unamloweka kwenye maji ya moto, ukamchemsha mpaka alainike, ukamtia karanga. Huyu alikuwa laini tayari, na amelowa. Damari alimgusa kwa kidole, akakirudisha kidole haraka.

"Unajua nini?" alisema Faith baada ya kufikiri sana. "Huyu wamemleta kabla hajakamilika. Hajakauka bado."

Maneno hayo yaliingia akilini mwa Damari moja kwa moja. Kumbe! Ndiyo maana ni mwekundu! Alichukua nusu ya vipande, akavitandaza nje juu ya kichanja, kando ya majani ya mlenda ambayo mama alikuwa ameyaanika asubuhi. Jua la Itigi lilikuwa kali, lingefanya kazi yake. Kisha, kwa sababu moyo haukutulia, alichukua kipande kimoja kikubwa akakichemsha, aone itakuwaje.

Ikawa balaa. Maji yalipochemka, wekundu ulianza kukimbia. Kipande kikafifia, povu jeupe likapanda, na alipokigusa kwa mwiko kikamomonyoka chote. Damari alizima jiko, akatazama sufuria asiamini macho yake. Alichukua chupa ya sosi ili aimimine humo, lakini alipoifungua akaona ni nyeusi kama oili ya gari, akaifunga tena.

"Pengine mama alikosea chupa," alinong'ona.

"Pengine wewe ndiye hukusikiliza," Faith alimjibu.

Walisikia kelele nje. Walipotoka, kunguru alikuwa anaruka na kipande cha samaki mdomoni, na vipande vilivyobaki vilikuwa vimefunikwa na inzi. Damari aliwafukuza kwa kitenge, lakini inzi wa Itigi hawana haya, walirudi palepale. Machozi yakaanza kumlengalenga. Akilini alimwona mama yake akikabidhi funguo za jiko. Alimwona mpishi wa Dodoma akiingia na aproni yake nyeupe.

Hapo ndipo Mzee Moriyama alipotokea kwenye mlango wa mbele wa jiko, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee," wasichana waliamkia pamoja.

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Amempeleka mdogo wangu hospitali. Ana homa."

"Pole sana. Na chakula? Kinaendelea vizuri?"

"Ndiyo, mzee."

"Samaki bado yuko kwenye friji?"

"Ndiyo, mzee."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda zake kwenye mitambo. Faith alimfinya Damari mkononi.

"Weh! Ndiyo uliyompa mama yako ilikuwa adabu. Hii uliyompa mzee ni uongo mtupu."

"Ningesema nini? Ningesema nimewalisha kunguru?"

"Sijui. Lakini wageni wanakuja kula, hawaji kula ndiyo zako."

Faith alijitwika ndoo yake akaondoka, kwani kwao walikuwa wanamsubiri. Damari alikaa juu ya kinu, akitafuta la kusema. Angeweza kusema samaki aliharibika mwenyewe. Angeweza kusema umeme wa jenereta ulikatika. Kila uongo aliojaribu kuupanga ulihitaji mwingine wa kuushikilia, na hakujua ungeishia wapi. Alijua jambo moja tu: kadiri alivyokaa pale, ndivyo saa ya wageni ilivyokaribia, na anayejua kupika samaki yule alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Alinyanyuka, akaenda kwenye mitambo.

"Mzee, nimekudanganya," alisema kabla hajaulizwa. "Samaki mwingine nimemchemsha, amemomonyoka. Mwingine nimemwanika, kunguru kachukua na inzi wamemjaa. Aliyebaki kwenye friji hafiki nusu. Mama alinieleza jinsi ya kupika, nikasema nimeelewa. Sikuelewa. Tafadhali usimfukuze mama."

Mzee Moriyama aliuacha mtambo, akamgeukia. Damari alimtazama usoni, akashindwa kujua kama amekasirika, anasikitika au hajamwelewa Kiswahili chake.

"Umemwanika?" aliuliza hatimaye. "Juani?"

"Ndiyo, mzee. Nilidhani hajakamilika."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, tena mpaka akatoa leso akajifuta macho.

"Nilipofika hapa mara ya kwanza," alisema, "nilikaribishwa ugali na mlenda. Mwenye nyumba akaniuliza jambo. Sikuelewa, nikasema ndiyo. Wakaniongeza chakula. Nikala chote kwa heshima. Akauliza tena. Nikasema ndiyo. Wakaniongeza tena."

"Ukafanyaje, mzee?"

"Nililala chini ya gari, tumbo kama ngoma." Kisha akaacha kucheka. "Lakini sikiliza. Kukosea kupika, hujanikosea. Uliponiambia samaki yuko kwenye friji, hapo ndipo uliponikosea."

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe. Osha mikono kwa sabuni. Tuna kazi."

Vipande vya juani alivitupa vyote, maana chakula kilichotuliwa na inzi namna ile huleta kuhara. Vilivyobaki alimfundisha Damari kuvipangusa maji kwa kitambaa safi na kuvikata vidogo ili vitoshe. Alichanganya sosi ya soya na asali, akatwanga tangawizi na kitunguu saumu akatia humo. Mafuta ya alizeti yalipopata moto kwenye kikaango, alilaza vipande, ngozi ikiwa chini. Jiko likajaa sauti ya kukaanga. Akavigeuza, akamimina ule mchanganyiko, ukachemka na kuwa mzito unaong'aa. Mara akaepua.

"Mzee, bado mbichi!" Damari alishtuka. Halafu akajiuliza kama amevunja adabu.

"Vizuri, umesema." Alikigawa kipande kwa uma, kikaachana kwa tabaka. "Ukiona hivi, ameiva. Ukimwacha zaidi, anakuwa kama mbao. Onja."

Damari alionja. Chumvi, kisha utamu, kisha ukali wa tangawizi. Hakujua kama anakula kitoweo au pipi, lakini mkono wake ulikwenda wenyewe kutafuta kipande kingine. Samaki yule wa sufuria naye hakutupwa. Walimtoa miiba, wakamchanganya na wali na sosi kidogo, wakanyunyiza ufuta uliokaangwa juu yake.

Wageni walikula bila kununa. Mmoja wao aliomba wali zaidi, na Zefania aliyekuwa anazunguka mlangoni akaonja, akalamba vidole akidhani hakuna anayemwona.

Jua lilikuwa linaelekea kutua Magdalena aliporudi, Philipo mgongoni, usingizi umemchukua. Walimpima wakakuta malaria, wakampa dawa, na homa ilikuwa inashuka. Damari hakungoja mtu mwingine aseme. Alimweleza mama yake kila kitu, mbele ya Zefania na Mzee Moriyama.

"Mama Damari!" Zefania aling'aka. "Unaachaje chakula cha wageni mikononi mwa mtoto bila hata kunipa taarifa?"

"Hapo nimekosa, baba. Ningekuambia kwanza."

"Kazi ni ya mama huyu," alisema Mzee Moriyama kwa upole. "Mtoto wake alikosea, akaja kuniambia mapema, tukapata nafasi ya kurekebisha. Mafundi wangu wakifanya hivyo, hatuharibu kisima."

Zefania alikuna kichwa. "Haya. Basi, yule mpishi wa Dodoma abaki hukohuko Dodoma."

Magdalena alimvuta binti yake karibu. "Damari, ukiniitikia ndiyo wakati hujaelewa, hunipi heshima. Unanipa mzigo, maana naondoka nikidhani kazi iko mikononi mwa mtu anayeijua. Siku nyingine niambie, 'Mama, sijaelewa.' Sitakasirika. Na kama umeshakosea, sema ukweli mapema, kabla chakula hakijafika mezani. Na mimi nimejifunza. Niliuliza kama umeelewa, nikaondoka bila kukuambia unirudishie nilichosema."

"Nimekusikia, mama. Na hilo nimelielewa kweli."

Mzee Moriyama aliangalia saa yake, akamgeukia Magdalena. "Kesho wageni bado wapo. Tupike supu ya tambi. Ni rahisi. Unaloweka mwani, unautoa kabla maji hayajachemka, halafu unatia sosi. Sawa?"

"Ndiyo, mz..."

Magdalena alikatiza maneno. Damari alikuwa anamtazama, macho yamemtoka. Mama alikohoa kidogo, akampandisha Philipo vizuri mgongoni.

"Samahani, mzee," alisema. "Hapo sijaelewa. Mwani ndio nini?"

Mzee Moriyama akavuta kiti, akaketi, akaanza kueleza upya tangu mwanzo.